Madamu Aliyekuja Kutazama Tu

Hivi wewe umeshaona darasa zima limesimama wima, kimya, tangu kengele mpaka kengele, na hakuna aliyekosa, na hakuna aliyewaambia wasimame? Hujaona. Basi kaa nikuhadithie. Mie mwenyewe sikuwapo, mie shule yangu ilikuwa ile ya ngumbaru, nikaandika jina langu nikaona inatosha. Lakini mjukuu wangu Somoe alikuwamo, yuko kidato cha kwanza, na alivyorudi nyumbani siku ile alijitupa kwenye mkeka kama gunia. Namuuliza, "Mmelimishwa?" Ananiambia, "Bibi, tumetazamwa."

Aliyewatazama ndiye Madamu. Jina lake analo, zuri tu, la Kikristo, lakini watoto wa shule walishika Madamu, na sie wa mtaani tukaokota hapo hapo. Alikuwa mpangaji wangu, chumba cha uani, hapa hapa Magomeni ya Mtwara. Alikuja kutoka chuo cha ualimu, kwao Tukuyu, kwenye ndizi na baridi, na wakati ule kutoka Dar kuja huku ni meli, na meli ilimtapisha mpaka akafika kwangu macho yameingia ndani. Ana sanduku la bati moja. Nikamwambia karibu mwanangu, utandike wapi kitanda? Akaniambia, "Mama, kitanda cha nini? Nimekuja wiki chache. Nitazame, nifundishe kidogo, niondoke."

Haya. Tazama sasa hiyo siku ya kwanza ilivyokuwa, maana yote yameanzia hapo.

Mwalimu wa Hesabu aliyekuwapo pale shuleni alikuwa mzee mmoja wa kwetu, Mmakonde, ana mikorosho yake upande wa Mahurunga, na ule ulikuwa msimu. Korosho zinadondoka, yeye yuko mjini anashika chaki, roho inamuuma. Akaletewa Madamu, akaambiwa huyu ni mwanafunzi wa ualimu, leo akae darasani kwako atazame. Mzee akafurahi kuliko mtu aliyepata mke. Akamwambia, "Mwanangu, siku ya kwanza ni ya macho. Mdomo funga. Ukisema neno moja umeshaniharibia darasa. Tangulia kaa nyuma, mie nafuata chaki."

Chaki haikufuatwa. Ilifuatwa baiskeli.

Madamu akaingia. Watoto wakasimama wakamwimbia salamu yao ya Kizungu. Yeye kakatazwa kusema, basi akatikisa kichwa tu, akapita katikati yao kwenda nyuma kabisa, kwenye benchi lililosukumwa ukutani. Sasa kwetu mtoto hakai mpaka mwalimu amwambie kaa. Kwao Tukuyu nako ndivyo, anajua vizuri. Lakini anavyojua yeye, mwalimu ni yule mzee, yuaja na chaki, ndiye atakayewakalisha. Na watoto wanavyojua, mwalimu ni huyu, keshaingia, na kama hajasema kaeni basi iko sababu.

Wakasubiri. Naye akasubiri.

Somoe anasema nzi alitua puani kwa monita, akatembea, akaingia kidogo, akatoka, na monita hakuinua mkono. Huko nyuma Madamu kakaa, mbele yake hakuna ubao, ni migongo mitupu. Akaona aibu yeye kukaa na watoto wa watu wamesimama, akainuka naye asimame. Benchi likalia kwaa. Watoto wakasikia benchi, wakajua sasa anakuja na fimbo. Wakakaza shingo. Hakuja mtu.

Baadaye aliniambia, "Mama, nilibanwa. Mbele migongo, nyuma ukuta, mlango uko mbali huko, na mdomo nimekatazwa."

Kengele ya kwanza ikalia, wakaendelea kusimama, maana Hesabu siku hiyo ilikuwa vipindi viwili mfululizo. Ndipo mkuu wa shule akapita dirishani. Akasimama. Hajawahi kuona kidato kile kimenyamaza. Akamwita monita.

"Nani kawasimamisha?"

"Madamu, mwalimu."

"Kwa kosa gani?"

"Bado hajasema, mwalimu."

Mkuu wa shule akachungulia huko nyuma, akamwona mwanamke kijana kasimama wima, kakunja uso, kumbe uso wenyewe ni wa mtu anayetaka kulia. Akamwambia, "Hongera, mwalimu. Hivi ndivyo." Akaenda zake. Madamu alipofungua mdomo amweleze, mkuu keshakata kona.

Kesho yake akapewa darasa. Mzee wa Mahurunga aliporudi na mikono yake imejaa utomvu wa korosho, alimkuta mwenzake yuko ubaoni, akasema alhamdulillahi, hakuulizia tena. Na mkuu wa shule akapeleka sifa kwa wakubwa, kwamba huyu binti akimaliza chuo mnirudishie mie, ana nidhamu ya ajabu. Wakamrudishia. Wenzake wamepangwa Iringa, wamepangwa Morogoro, yeye kapewa Mtwara kwa sababu ya ukali ambao hana.

Hana kabisa. Fimbo waliyompa shuleni mie ndiye niliyeitumia, kuangulia mapapai. Mtaani vijana wakimwona walivua kofia, wakizima na sigara, na yeye huyo huyo aliniletea kuku nimchinjie Jumapili, nikamchinja, nikampika, akakaa pale anamwangalia kuku kwenye sahani, mwisho akala mchicha. Nikamwuliza, "Hawa watoto wanakuogopea nini?" Akasema, "Wanaogopa siku moja, mama. Na mie siku ile ile ndiyo naiogopa."

Lakini kufundisha alifundisha. Mtoto wa hapa kwetu Hesabu alikuwa anaikimbia kama nyoka. Yeye alikuwa na namna yake. Mtoto akikosea hamwambii umekosa, anamwambia, "Rudi mpaka pale ulipokuwa bado hujapotea." Basi mtoto anarudi nyuma, mstari kwa mstari, mpaka anapaona mwenyewe. Somoe akawa anakuja nalo hilo neno hadi jikoni. Nikiunguza chapati, "Bibi, rudi mpaka pale ulipokuwa hujapotea." Nilimpiga na ufagio.

Sasa neno lake kubwa, ambalo mtaa mzima ulilijua, lilikuwa "mwakani siko". Ukimpa mche wa mkorosho apande pale nyuma ya choo, anakwambia, "Mama, mkorosho unataka miaka. Mie mwakani siko." Umwambie anunue kitanda, mwakani siko. Alilala kwenye kitanda changu cha kamba, cha kuazima, miaka yote hiyo, na lile sanduku la bati hakulitoa nguo. Anachukua gauni, anavaa, anafua, anapiga pasi, anarudisha sandukuni, anafunga na kufuli. Ukiingia chumbani kwake unasema huyu meli yake ni jioni.

Jirani yangu muuza pweza, yule hana dogo, alikuwa akimwona tu: "Madamu, huo mwakani wako umeshaanza shule au bado unanyonya?" Madamu anacheka mpaka anashika ukuta. Alikuwa mtu wa kucheka, usidhani. Anacheka, halafu anatoka, anakwenda mpaka kule malori yanapopakia ya Masasi na Tunduru, anasimama. Hapandi. Anawauliza madereva, njia ikoje? Kuna dereva mmoja, alikuwa akimwona kwa mbali keshajua swali. Anamjibu kabla hajafika: "Njia ipo, Madamu, ila imelala chini ya maji." Maana masika ya zamani huku, ndugu yangu, ukishafungwa umefungwa. Kaskazini Rufiji imefurika, magharibi matope yanameza lori, baharini meli imeharibika mashine. Tunabaki sie kwa sie na samaki wetu.

Chakula chetu alikisusa mwanzo. Ugali wa makopa, ule wa muhogo mkavu, alisema unamkaa kooni. Ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, aliviangalia akaniuliza, "Huu ni mzizi wa mti gani?" Mwaka wa tatu namkuta uani peke yake, kajichemshia ming'oko, anamenya na kuchovya kwenye chumvi na pilipili kama aliyezaliwa Newala. Sikumwambia kitu. Lakini moyoni nilisema, huyu tumbo lake limeshahamia, limebaki kichwa tu huko Tukuyu.

Kumbe si kichwa.

Nililijua hivi. Kila mwaka kabla ya Krismasi alikuwa anaita mtoto mmoja wa kiume wa mtaani, "Njoo wewe, simama hapa," anampima mgongo, anampima mguu kwa kamba, halafu anakwenda mjini dukani kwa Muhindi anashona kaptula na shati. Mie nikadhani ni sadaka. Lakini huyo mtoto hapewi. Na kila mwaka anaita mtoto mkubwa kidogo kuliko wa jana yake. Mwaka mmoja nikamwuliza, nguo hizi zinakwenda wapi? Akaniambia, "Kwa mwanangu."

Alikuwa na mtoto. Alimwacha kwa mama yake, ndio kwanza meno ya utoto yanaanza kumtoka, kwa sababu ya wiki chache. Baba wa mtoto hakuwapo, sikuuliza zaidi. Na zile nguo zilikuwa hazimtoshi. Yeye anapima watoto wetu wa huku, wembamba, wa kula muhogo na dagaa, na yule wa kwao anakunywa maziwa na kula ndizi, kaptula inaishia magotini haipandi. Bibi yake anaigawa kwa jirani. Mwaka unaofuata anapima tena.

Nikamwambia, mlete huku basi, chumba kipo, atalala na Somoe na wenzake. Akanijibu, "Nimlete vipi, mama, na mie mwakani nahama?"

Ndiyo hapo alipojifunga. Kila mwaka aliomba uhamisho, na kila mwaka walimjibu kitu kimoja: tutakuachia ukipata wa kukaa nafasi yako. Nani aje? Mwalimu wa Hesabu akiambiwa Mtwara anaumwa ghafla. Wakuu wa shule wenyewe walihama, yule wa dirishani hakumaliza hata miaka miwili akaenda zake Dodoma, akaja mwingine, akaja mwingine, wote wanamwambia Madamu, tafuta mbadala. Sasa mtu anatafuta mbadala wake wapi, sokoni?

Daraja la Rufiji lilipopitika, tulicheza ngoma. Yeye alikuwa kwenye basi za mwanzo mwanzo kwenda kwao likizo, na alitutuma tumwombee dua, sie Waislamu na kanisa lake, wote. Likizo haikuisha, akarudi. Nikamwuliza vipi huko? Akasema, mama yake kazeeka, haoni vizuri. Na mtoto? Akawa anakunja kanga yangu iliyokuwa kwenye kamba wala haijakauka. Akasema, "Amenipokea vizuri mno, mama. Amenipa kiti."

Wewe ulishawahi kumpa mama yako kiti? Mama anakuta mtoto kalala kwenye kiti anamwambia toka. Kiti anapewa mgeni.

Tangu hapo akawa anampigia simu, hizi simu zilipokuja. Anapanda pale kwenye mwinuko wa shule panaposhika mtandao. Anarudi, namuuliza, anasema nini? "Anasema mzima, shule nzuri."

Sasa njoo kwa Somoe. Yule aliyesimamishwa na Madamu kidato cha kwanza, huyo huyo Hesabu ilimkamata, akavuka kidato cha nne, akavuka cha sita, wa kwanza kwetu, na akaingia chuo cha ualimu. Na wakati wa mazoezi ulipofika, akarudishwa shule ile ile, darasani kwa Madamu, siku ya kwanza, akae atazame.

Nilimpigia pasi sketi mwenyewe, kwa mkaa. Alikwenda anaruka. Alirudi anatembea pole pole, na sasa ni mtu mzima, hajitupi kwenye mkeka, akakaa kwenye ngazi.

"Umewekwa nyuma?" namuuliza.

"Hapana. Ameniwekea kiti mlangoni. Akaniambia, ukichoka toka, usiage."

"Umechoka?"

"Sikuchoka, Bibi."

Halafu akanieleza. Madamu alikuwa na kitu chake cha kuanzia somo, tangu enzi za Somoe. Anasema, "Shikeni hii vizuri, mwakani siko." Na darasa zima linamjibu kwa pamoja, "Mwakani upo, Madamu." Wanacheka, naye anacheka, anageukia ubao, somo linaanza. Watoto walirithishana hilo, dada kwa mdogo wake. Somoe mwenyewe alikuwa akilijibu kwa sauti kubwa kuliko wote, na kwangu alikuwa akiliigiza nacheka hadi machozi.

"Leo nimekaa ubavuni, Bibi. Tulipokuwa wanafunzi tulikuwa tunauona mgongo wake tu akigeuka. Mimi leo nimeuona uso."

"Ukoje?"

"Haucheki," akasema. Akaingia ndani.

Jioni ile Madamu akaja barazani. Alikuwa keshahama chumba changu, shule ilimpa nyumba, lakini alikuwa anakuja. Nikamtandikia mkeka, nikamtilia uji wa mtama, tukaongea ya hapa na pale, pweza kapanda bei, mvua. Nikaona anazunguka. Nikamwambia, "Mwanangu, sema."

Akasema, "Mama, mkuu wa shule amemwona Somoe leo. Ameniambia, huyu akikubali kuja hapa akimaliza, wewe nakuachia hata kesho."

Mie moyo ulicheza. Nisikudanganye, ulicheza mara mbili, moja kwa ajili yake, na moja kwa ajili yangu, maana mjukuu akifundisha hapa anakula kwangu. Lakini uso nikaukaza. Nikamwambia, "Sasa si umwambie? Yuko humo ndani anafua."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikimwambia atakubali. Yule hawezi kunikatalia mimi, mama. Mimi hapa hakuna aliyeniuliza. Na yeye nikimuuliza mimi, ni kama hajaulizwa." Akanishika mkono. "Na wewe usimwambie. Ana alama nzuri, anaweza kupangwa Dar, anaweza kwenda chuo kikuu. Niahidi."

Ahadi sikutoa, maana mdomo wangu naujua. Nikamwuliza, "Na mwanao?"

"Zamani alikuwa ananiuliza kwenye simu, unarudi lini. Namwambia mwakani. Sasa haulizi." Akanywa uji. "Keshamaliza darasa la saba. Anavaa kiatu kikubwa kuliko cha baba yangu. Nimeambiwa na mama, sijakiona."

Akaondoka na tochi yake. Nilimsindikiza mpaka kwa muuza pweza, na yule leo hakumtania.

Nikarudi, Somoe hafui. Yuko nyuma ya mlango, beseni mkononi, maji yanamdondokea miguuni.

"Umesikia?"

"Nyumba yenyewe ya udongo, Bibi, nisisikie?"

Nikamwambia, mie sijakwambia kitu, Mungu shahidi, masikio ni yako. Akacheka kidogo. Akatua beseni, akakaa pale pale alipokuwa amekaa Madamu. Nikamwambia nikiwa nimejikaza kweli kweli, "Usikubali kwa kumwonea huruma. Kazi ya huruma inachosha haraka. Ukikaa hapa, wewe nani atakutoa? Nao watakwambia tafuta mbadala."

"Mimi hapa ni kwetu. Mtu anafungwa kwao?"

"Mie ni kwetu," nikamwambia, "na mbali nilikofika ni Lindi, na nilikwenda kuzika. Usinieleze habari ya kwetu."

Kuku walikuwa wanapanda kulala, mmoja kagoma kupanda, Somoe akawa anamwangalia huyo. Mwisho akasema kwamba Madamu hakumuuliza, na bibi yake hakumuuliza, kwa hiyo anajiuliza mwenyewe, na keshajijibu. Ataomba hapa. Miaka atakayoweza, na asipoweza ataondoka akiwa anasema kwa sauti, sio kwa kusimama njiani kuuliza malori.

Nikasema, sawa, basi kesho mwambie akafunge sanduku. Nikakumbuka sanduku limefungwa miaka yote hiyo, nikacheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka, nikamwambia kinachonitisha. "Yule hataondoka, Somoe. Utamwachia darasa, atakwambia ngoja watoto hawa wafanye mtihani kwanza. Atasema ngoja mvua ipite. Na akifika kwao akapewa kiti tena, atageuza na basi la kesho yake. Namjua."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana hatakwenda peke yake."

Akaniahidi. Alinishika vidole vyangu vyote kwenye mkono wake, mkono wenyewe wa baridi kwa ajili ya maji ya kufulia, akasema akimaliza chuo tu, kabla hajashika chaki yoyote, atapanda basi na Madamu mpaka Tukuyu, amfikishe hadi mlangoni kwa mama yake, aingie naye ndani. Na kile kiti kikiletwa, atakikalia yeye Somoe.